Wimbi Kipofu: Uchambuzi wa Kisa cha Al-Masudi katika Bahari ya Zanj

Katika mwaka 304 wa Hijria, ambao kwa hesabu ya Miladia ulianza Julai 916 ukaisha Juni 917, msafiri mmoja mzaliwa wa Baghdad, Al-Masudi, alipanda chombo katika kisiwa cha Qanbalu kwenye upwa wa Afrika Mashariki akarejea Omani. Hakuivuka tena bahari ile. Alipoketi kuandika kitabu chake kikubwa cha historia na jiografia, zaidi ya miaka 25 baadaye, alizitaja bahari alizozipitia, yaani za Uchina, Rum (Mediterania), Khazar (Kaspi), Qulzum (Shamu) na Yemeni, akasema kwamba misukosuko iliyompata humo haihesabiki, kisha akatoa hukumu yake: katika zote hizo hakuona iliyo ya kutisha kuliko Bahari ya Zanj.

Mtu akisomewa maelezo aliyoyatoa kuitetea hukumu hiyo, bila kutajiwa mahali, atadhani anapewa habari za bahari ya ulimwengu wa kubuni. Mawimbi yake ni vipofu, tena yana wazimu. Huinuka kama milima na kuzama kama mabonde, wala hayavunjiki. Samaki wake mmoja ana urefu wa dhiraa 400 hadi 500, na anayemuua ni kisamaki cha dhiraa moja. Mabaharia wakifika maji hayo huyaimbia mawimbi wimbo wa kuyataja kwa wazimu wao. Kwetu sisi wa mwambao, hata hivyo, bahari hiyo si ngeni, kwa kuwa ndiyo inayopiga Pemba, Lamu, Barawa na Mogadishu, na watoto huogelea ukingoni mwake kila siku ya Mungu.

Nakisoma kisa hiki kama hakimu anavyosoma maelezo ya shahidi: nani aliyesema, alikuwa wapi, aliona katika msimu gani, na nani ambaye hakupata nafasi ya kusema. Kwa kukisoma hivyo nimefikia kuamini kwamba sehemu inayosikika kama sihiri kuliko zote, yaani wimbi kipofu, ndiyo iliyoangaliwa kwa makini kuliko zote, na kwamba ndani yake mmejificha kitu kinachokaribia kuwa tarehe.

Kwanza mahali. Wataalamu wengi huitafuta Qanbalu katika kisiwa cha Pemba, hasa Ras Mkumbuu, ule ulimi mwembamba wa ardhi ulio magharibi ya Chake Chake ambako magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yamesimama hadi leo. Al-Masudi anasema wakazi wa Qanbalu walikuwa Waislamu waliochanganyika na Wazanj, yaani watu weusi wa upwa huu, wasio Waislamu, na kwamba Waislamu hao walisema lugha ya Kizanj. Chombo kilichotoka huko kwenda Omani kilifuata upwa kuelekea kaskazini, kikapita Lamu na Banadiri, yaani pwani ya Mogadishu, kikaikabili Ras Hafun, ambayo ni ncha ya mashariki kabisa ya bara la Afrika, kisha Ras Asir kwenye ncha ya Pembe ya Afrika, na baada ya hapo kikaiacha Afrika nyuma na kukata maji makuu hadi upande wa Uarabuni. Al-Masudi anaiita pembe hiyo ya bahari Ghuba ya Barbara, na rasi anaiita Jafuni. Jina halijafika mbali na Hafun.

Anasema pia kwamba kutoka Omani hadi Qanbalu ni kama farsakhi 500, na kwa uaminifu unaostahili kusifiwa anaongeza kuwa hayo ni makisio ya mabaharia, si kipimo. Farsakhi 500 ni kama kilomita 3,000, ilhali njia yenyewe ukiipima leo kwenye ramani inakaribia 4,000. Jambo hili dogo linanipendeza, kwa sababu watu wanaoshutumiwa kwa kumkuza samaki ndio hao hao walioipunguza safari yao wenyewe kwa robo nzima. Asiyependa ukweli angefanya kinyume.

Sasa wimbi lenyewe. Maelezo ni kwamba mawimbi ya huko huitwa vipofu kwa sababu huinuka na kushuka bila kuvunjika na bila kutoa povu kama yafanyavyo ya bahari nyingine. Niliwahi kuliona wimbi la namna hiyo, kwa kipimo kidogo, mwishoni mwa Agosti, nikiwa katika jahazi lililotoka Mkokotoni kwenda Pemba. Upepo ulikuwa umelegea tangu usiku. Mbele yetu kulikuwa na jahazi jingine lililopakia saruji, na nilikuwa nikilitazama tu, kama mtu anavyotazama kitu chochote ili asitapike, lilipoanza kuzama. Kilipotea kiwiliwili, likafuata tanga kutoka chini kwenda juu, mpaka ikabaki ncha ya foromali, ule mti unaobeba tanga, peke yake juu ya maji yaliyo laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nilihesabu hadi saba. Kisha likapanda tena zima, na watu wake wameketi vilevile walivyokuwa wameketi. Hapakuwa na povu hata la kujaza kiganja. Nahodha wetu hakuonyesha kushangaa. Alimgeukia tu kijana aliyekuwa ngamani akamwambia aendelee kufua maji.

Sababu ya kukosekana kwa povu ni hesabu. Katika maji yenye kina, wimbi huvunjika pale kimo chake kinapokaribia sehemu moja ya saba ya urefu wake, urefu ukipimwa kutoka kilele hadi kilele. Wimbi la kimo cha mita 5 litavunjika likiwa limebanwa ndani ya mita 35 hivi. Lakini wimbi lililozaliwa na upepo wa mbali, likasafiri siku nyingi kuvuka Bahari ya Hindi, huwa limejinyoosha hata likafikia urefu wa mita 200 au zaidi, na wimbi la mita 5 lililonyooka kiasi hicho haliko karibu kabisa na kuvunjika. Chombo cha mita 20 hukaa chote juu ya mteremko wake mmoja. Aliyesema mlima na bonde hakuwa akipamba maneno, kwani aliyeketi katika chombo cha chini namna ile, akiwa bondeni, kweli haoni upeo wa macho bali ukuta wa maji pande mbili.

Wala ulaini huo haumaanishi usalama. Chombo kikiwa bondeni hukosa upepo, tanga hulegea na kupigapiga. Kikipanda kileleni hupigwa na upepo wote kwa mara moja, na foromali, ambayo ni mti mrefu na mzito, hutaka kwenda inakotaka yenyewe. Tukumbuke pia kwamba vyombo vya bahari hii vilishonwa kwa kamba za nyuzi za nazi, kama mitepe ya Lamu iliyokuja kuwa maarufu baadaye, wala havikupigiliwa misumari. Al-Masudi anadai kwamba maji ya bahari hii huila chuma. Hapo alikosea sababu, lakini ushonaji wenyewe aliushuhudia. Chombo kilichoshonwa hupinda na wimbi pasipo kupasuka, na hiyo ni faida kubwa kikigota mchangani. Kikipindishwa hivyo mchana na usiku kwa wiki kadhaa, kila tundu la mshono hulegea kidogo, na kazi ya kufua maji huwa haina mwisho.

Tena kuna usiku. Wimbi linalovunjika hujitangaza kwa weupe wake na kwa kishindo chake, na mshika usukani hupata pumzi moja au mbili za kuligeuzia chombo. Wimbi lisilo na povu halionekani gizani wala halisikiki. Sijui neno jingine la kulifaa zaidi ya lile walilolichagua wenyewe, ingawa kipofu katika hali hiyo ni yule aliye juu ya chombo.

Hapa ndipo kisa kinapoanza kutoa tarehe. Safari ya kutoka Qanbalu kwenda Omani haiwezekani kwa tanga wakati wa kaskazi, kwani upepo unatoka huko uendako. Lazima iwe katika msimu wa kusi. Lakini msimu wa kusi una kitovu ambacho vyombo havikithubutu. Mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1969, alionyesha jinsi upepo wa kusi unavyojikusanya wakati wa kiangazi cha kaskazini na kuwa mkondo mwembamba wenye kasi, unaopita juu ya Kenya na Somalia kabla ya kutokea baharini kuelekea India. Chini yake, mkondo wa bahari wa Somalia, ambao wakati wa kaskazi huelekea kusini, hugeuka na kukimbilia kaskazini kwa kasi inayoweza kufikia mita 3.5 kwa sekunde, yaani kasi ya mtu anayekimbia hasa. Chombo kilichoingia humo hakirudi nyuma hata nahodha akijuta. Upande wa Hafun maji baridi hupanda kutoka chini, hewa ya joto inapita juu yake, na ukungu huificha nchi kavu wakati ule ule ambapo nahodha anaihitaji ili ajue pa kugeukia. Kwa hiyo manahodha walikuwa na nafasi mbili tu: mwanzoni mwa kusi, kuanzia Aprili hadi katikati ya Mei, au kusi ikishalegea, Agosti na Septemba. Kwa mwaka 304 wa Hijria, maana yake ni ama Agosti au Septemba 916, ama Aprili au Mei 917.

Katika Juni na Julai bahari ya Hafun haina wimbi kipofu hata moja. Upepo wa tufani huyakata mawimbi vilele, na bahari nzima huwa nyeupe. Wimbi refu lisilo na povu huonekana pale upepo wa hapo ulipo ni dhaifu kuliko ule ulioliumba wimbi, na hilo hutokea pembezoni mwa msimu, hasa mwishoni, upepo ukiwa umechoka na bahari haijapata habari. Kwa maneno mengine, Al-Masudi kwa kutuambia kwamba mawimbi hayakuwa na povu ametuambia, bila kukusudia, kwamba nahodha wake alikuwa mtu wa kalenda. Mimi naelemea upande wa Agosti au Septemba 916. Nakubali kwamba hilo ni hitimisho la mtu aliyelazimisha sentensi moja itoe zaidi ya ilivyoahidi, lakini sioni msimu mwingine unaolingana nayo vizuri hivyo.

Kwamba katikati ya kusi ni jambo jingine kabisa, hata waliokuwa na injini walilijua. Meli ya moshi ya Uingereza iliyoitwa Aden, ikitoka mashariki kurudi nyumbani, iligonga mwamba upande wa mashariki wa kisiwa cha Sokotra mwezi wa Juni 1897. Watu 78 walikufa, na waliobaki walikaa juu ya mabaki siku 17 kabla ya kuokolewa. Meli hiyo ilikuwa ya chuma na ilikuwa na ramani zilizopimwa.

Karne ile ile ya Al-Masudi, nahodha mmoja wa Ramhormuz katika Uajemi, Buzurg bin Shahriyar, alikusanya simulizi za mabaharia wenzake, na humo mna kisa cha chombo kilichotoka Omani mwaka 310 wa Hijria (922) kikiwa na nia ya kwenda Qanbalu, upepo ukakichukua hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo. Simulizi hilo linajulikana zaidi kwa yaliyotokea nchi kavu, yaani nahodha kumteka mfalme wa Wazanj na kumuuza. Kwa uchambuzi huu kinachotosha ni mwanzo wake: kukosa kituo kwa zaidi ya kilomita elfu moja kulisimuliwa kama jambo la kawaida ambalo halikuhitaji maelezo.

Samaki mkubwa naye anastahili kusikilizwa kabla ya kuchekwa. Al-Masudi anamwita awal. Huinua pezi lake likaonekana kama tanga kubwa, hutoa kichwa na kurusha maji juu kuliko mshale unavyoruka, na mabaharia humwogopa mchana na usiku, wakipiga ngoma na mbao ili akimbie. Ukiondoa urefu, huyo ni nyangumi bila shaka yoyote. Nyangumi wenye nundu hupita kwenye maji ya Kenya na Zanzibar kati ya Julai na Oktoba, na pezi lao la ubavuni, ambalo hulinyanyua na kuliacha lianguke majini, hufika takriban theluthi ya mwili mzima. Nyangumi mkubwa kuliko wote duniani hufika mita 30 hivi. Dhiraa 500 zingekuwa zaidi ya mita 200. Lakini nani angempima? Mtu anayeona mgongo mmoja ukizama na mwingine ukitokea mbele yake, katika bahari ambayo kila dakika inamfichia nusu ya anachokitazama, atawaunganisha watatu kuwa mmoja, na hatarudi nyuma kuhakikisha.

Kisamaki kinachomwua, ambacho anakiita lashk, kinavutia zaidi. Hujibandika kwenye shina la sikio la awal, na awal hujipigapiga chini ya bahari mpaka afe na kuelea kama mlima. Kisha Al-Masudi anaongeza jambo ambalo mtunzi wa ngano asingekuwa na haja nalo: wakati mwingine kisamaki hicho hujibandika kwenye chombo. Wavuvi wetu wanamjua. Ni chazo, samaki mwenye kigae cha kunyonyea kichwani, ambaye wavuvi wa mwambao humfunga uzi mkiani na kumwachia ili ajibandike kwenye kasa na kumvuta pamoja naye. Chazo hamwui nyangumi. Lakini hukutwa juu ya nyangumi, hukutwa juu ya chombo, na mtu aliyewahi kuona chazo akiwa amebandikana na mzoga ana kila sababu ya kudhani kwamba amemkamata muuaji.

Kosa la namna hiyo hiyo limo katika habari ya ambari, ile dutu ya manukato inayookotwa ufukweni. Al-Masudi anasema ambari bora hupatikana nchi ya Zanj na pwani ya Shihr, kusini mwa Uarabuni, ambako ngamia waliozoeshwa hutembezwa ufukweni usiku wa mbalamwezi na hupiga magoti wakiihisi. Anasema pia kwamba awal huimeza ambari, ikamwua, akaelea, na watu wakamvuta kwa kamba na kulabu, wakampasua tumbo na kuitoa. Leo tunajua kwamba ambari hutengenezwa ndani ya utumbo wa aina moja ya nyangumi. Waliompasua walikuta kitu mahali pake halisi. Kilichogeuzwa ni mwelekeo tu, kwa kudhani kilichotokea ndani kiliingia kutoka nje. Ndivyo ulivyo mtindo wa kisa chote. Kilichoonwa kimeonwa sawasawa, na makosa yanaanzia kwenye neno "kwa sababu".

Upo mpaka wa wazi kati ya hofu hizi mbili. Dhidi ya samaki mabaharia walikuwa na la kufanya, yaani ngoma. Dhidi ya wimbi walikuwa na wimbo tu. Waliouimba, asema Al-Masudi, walikuwa Waarabu wa Omani wa kabila la Azd, na maneno yake ni machache mno: Barbara na Jafuni na mawimbi yao ya wazimu, kisha Jafuni na Barbara na mawimbi yao kama uyaonavyo. Wengi huupita wimbo huo kama kibwagizo cha kujitia moyo. Mimi naona majina yanayogeuzwa mpangilio. Anayetoka Omani hukutana na pwani ya Barbara kabla ya Jafuni, na anayerudi kutoka Zanj huikuta Jafuni kwanza. Msitari mmoja ni wa kwenda na mwingine ni wa kurudi, na baharia asiyejua kusoma hubeba mdomoni ramani ya pembe ile akivuta kamba. Hata kama ulinganifu huo ni wa bahati, kila aliyeuimba alikuwa akikumbushwa rasi ipi itatangulia.

Wamebaki wenye chombo. Al-Masudi anataja kwamba safari ile ya mwisho alisafiri katika chombo cha ndugu wawili wa Siraf (bandari ya Uajemi), Ahmad na Abd al-Samad, na kwamba baadaye wote wawili walipotea katika bahari hiyo hiyo pamoja na chombo chao na wote waliokuwamo. Safari ya kwenda pia alikuwa na wenye vyombo wa Siraf, na mmoja wao naye alipotea humo. Kwa hiyo aliyeiita bahari hii ya kutisha kuliko zote hakuwa mgeni aliyetapika njia nzima. Alikuwa mtu aliyeorodhesha wenyeji wake waliokufa. Watu wa Siraf walikuwa mafundi wa njia hiyo. Walijua msimu kuliko yeye.

Lakini walikuwa wafanyabiashara. Pembe za ndovu zilitoka bara kwa mabega ya watu, hazikufuata kalenda ya bahari, na soko lake lilikuwa mbali: zilipita Omani kwenda India na Uchina, jambo ambalo Al-Masudi analilalamikia, kwa kuwa zingalizagaa katika nchi za Waislamu kama zisingepitilizwa huko. Chombo kilichokosa mzigo wake katikati ya Mei kilikuwa na uchaguzi wa kukaa Qanbalu miezi mitatu kikilisha mabaharia, au kujaribu. Namna ndugu wale walivyopotea haikuandikwa, na kwa Al-Masudi kifo chao ni sentensi moja kati ya kutaja majina na kurudi kwenye habari za samaki. Ikiwa waliondoka wamechelewa, kwa ajili ya pembe chache zilizokuwa bado njiani, basi mawimbi waliyokutana nayo mbele ya Jafuni hayakuwa vipofu, bali yale meupe, ambayo hakuna aliyerudi kuyaeleza.